Jinsi ya Kuhama na Resiva ya Kilo 30

Kabla hujafunga godoro wala kuhesabu masufuria, kaa mbele ya resiva yako uitazame vizuri. Yangu ni Pioneer SX-1250, toleo la 1976: wati 160 kila upande, uso wa alumini, kasha la mbao, uzito karibu kilo 30. Ami aliileta Unguja kutoka Muscat, nami nilipohama niliitoa ghorofa ya pili ya nyumba ya Malindi, Mji Mkongwe, nikaipandisha ghorofa ya tano Michenzani, kwa miguu. Ninayokuelekeza hapa nimeyasomea mgongoni.

Kwanza, jua unabeba nini. Sehemu kubwa ya uzito ule ni transfoma, yaani chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Ngoma inapodunda, spika hudai umeme mwingi kwa mara moja, na transfoma nyembamba haina pa kuutoa. Ongeza mapezi ya alumini yanayopoza joto, ongeza mbao, utaelewa kwa nini SX-1980 ya mwaka 1978, yenye wati 270 kila upande, inapita kilo 35. Atakayekushauri uiuze ununue kispika cha kutia mfukoni, msikilize kwa adabu, kisha mpe masufuria abebe.

Wabebaji wawili wanatosha. Wanne hawapiti katika chochoro za Mji Mkongwe, na kwenye ngazi kila mmoja atakuwa na amri yake. Mmoja awe hamali wa kazi, mwenye gari lake, anayejua ni kona ipi gari halikati mpaka liinuliwe upande. Mpatane ujira mzigo ukiwa mbele yake, na aunyanyue kidogo kabla hajataja bei. Binamu yangu aliwahi kumwambia hamali, “Ni redio tu, mzee.” Yule mzee akainua upande mmoja, akaurudisha chini taratibu, akauliza: “Mwanangu, redio hii imekula nini?” Bei ikapanda pale pale, na ilikuwa haki yake.

Transfoma mara nyingi haikai katikati. Inua upande huu kidogo, kisha ule, ujue uzito umelalia wapi, halafu upande huo ndio uukumbatie kifuani. Piga magoti, usiiname. Shika chini ya kasha na usiguse vifungo vya mbele. Kifungo cha sauti kikivunjika, kupata kingine kama kile ni safari ya miaka. Vua saa, vua pete.

Ukifika kwenye spika, vua na mkanda wa suruali. Nasema kweli. Ukiikumbatia spika uso ukiwa kwako, bizimu ya mkanda itatoboa koni ya karatasi na hutasikia chochote mpaka usiku unapowasha. Igeuze mgongo wake uwe kifuani, uso utazame njia. Kisha ichunguze ile sponji inayozunguka koni. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu sponji huoza yenyewe, hata kama spika haijasogezwa miaka 20. Ukiigusa inabaki kidoleni kama makombo ya mkate. Ukiikuta hivyo usimlaumu hamali. Mpelekee fundi abandike mpya, koni yenyewe huwa bado nzima.

Santuri zifunge zikiwa zimesimama, kamwe zisilale, na katika maboksi madogo. Santuri kubwa 100 pamoja na majalada yake zinapita kilo 20, na boksi la ndizi halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Zile za zamani za mizunguko 78, za enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zinavunjika kama kigae. Hizo usizipandishe garini. Zipakate.

Pleya ndiyo nyepesi kuliko vyote na ndiyo yenye kudeka. Ondoa sindano, ondoa kile kizito cha nyuma ya mkono, funga mkono kwa uzi laini, na kama mashine inaelea juu ya springi, kaza skrubu zake za safari. Ukisahau, itafika ikiwa imejipiga ndani kwa ndani njia nzima.

Sasa umefika, unahema, unataka kuwasha. Ngoja. Geuza resiva uangalie nyuma imewekwa volti ngapi. Iliyotengenezewa Japani inataka 100, ya Marekani 120, na ukutani kwetu kuna 230. Na kwa pleya hata volti hazitoshi. Jirani yetu wa Malindi aliletewa ya Marekani, akanunua transfoma ya kushushia umeme, akadhani amemaliza. Lakini mota ile ilifuata mapigo ya umeme, ambayo kule ni 60 kwa sekunde na huku ni 50, na transfoma haibadili mapigo. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi ikawa inazunguka chini kidogo ya 28. Kwa muda mrefu nyumba ile iliamini kwamba mwimbaji wao kipenzi, mwanamke, ni mwanamume mwenye huzuni. Fundi alipobadilisha gurudumu la mota, walikaa kimya wimbo mzima.

Vitu vidogo usivitie katika boksi lolote, kwa maana boksi hilo ndilo litakalopotea. Mimi nilimkabidhi mama. Alipanda ngazi za Michenzani wa mwisho, akipumzika kila ghorofa, sisi tukimngoja juu pamoja na yule hamali aliyekataa kuondoka kabla hajasikia kilichomtoa jasho. Mama akakaa juu ya boksi la santuri, akafungua pindo la kanga. Mlikuwa na sindano katika kitambaa, kile kizito cha mkono, na ujira wa hamali, uliokwisha kuhesabiwa.