Waraka kwa Mheshimiwa Uliyetuahidi Kituo cha Sanaa

Mheshimiwa,

Kutoka huku Shighatini, nakushukuru kwa kuwa miongoni mwa viongozi wachache waliopanda milima ya Ugweno kutuambia kwamba kuchora, kuchonga na kufinyanga ni elimu. Ulisema tutajengewa kituo, na mlango wake utakuwa wazi kwa mtoto, kwa bibi kizee na kwa kijana aliyeishia darasa la saba. Maneno hayo najua unayakumbuka, maana ilibidi uyarudie makofi yalipotulia.

Jiwe la msingi uliloliweka lingalipo. Herufi za jina lako zimechongwa kwa ustadi mkubwa. Fundi aliyezichonga angefaa kuwa mwalimu wetu wa kwanza. Alisubiri, kisha akaenda mjini kutafuta riziki.

Ulipokumbushwa, ulitujibu kwa upole kwamba wataalamu ni adimu vijijini. Jibu hilo nimelitafakari kwa heshima zote, nami nashindwa kulipokea. Hapa ni kwa Washana, wahunzi ambao, kama alivyoeleza Profesa Isaria Kimambo katika historia yake ya Wapare ya mwaka 1969, waliitawala Ugweno kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua. Wachaga walinunua chuma chetu. Ujuzi wa mikono haujawahi kuwa mgeni huku. Wazee wenye kuujua ndio wanaopungua, nasi hatuna mahali pa kuwakalisha na vijana.

Tena mfano upo humu humu nchini. Nyumba ya Sanaa ilianza Dar es Salaam mwaka 1972, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. George Lilanga aliajiriwa pale kama mlinzi. Akaonyesha michoro yake, akapewa nafasi, na kazi zake zikaja kufika Ulaya na Marekani. Hakuna aliyemdai cheti. Jengo walilojengewa wasanii wa pale baadaye, lililofunguliwa mwaka 1983, leo halipo tena, jambo linaloniuma. Lakini wale walikuwa na miaka yao ya kazi ndani yake. Sisi, Mheshimiwa, bado tuna jiwe.

Nakushukuru pia kwa boksi la rangi na brashi ulilotukabidhi mbele ya kamera. Limetunzwa vizuri mno. Limefungiwa kabatini, kwa kuwa tuliagizwa lisifunguliwe hadi siku ya uzinduzi, na watoto waliopigwa picha wakilishika sasa wamekwishamaliza shule.

Kama bajeti haijapatikana, sikuombi kuta leo. Naomba barua yako ya mistari miwili: mmoja uturuhusu kutumia darasa moja kila Jumamosi, wa pili uturuhusu kulifungua boksi kabla rangi hazijakauka zote.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Shighatini