Taarab Ilivyofungwa Gereji

Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga kutusaidia kulea mtoto mchanga, nilimwahidi kumwekea santuri ya Black Star, taarab ya kwao, apate kuisahau baridi ya Michigan. Ahadi ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba usiku wa kuamkia siku ya kuitimiza nilikesha na mtoto, nikisikiliza kimyakimya santuri niliyoinunua kwa jirani aliyekuwa akiuza vikorokoro vyake uani. Asubuhi nikasahau kuitoa.

Santuri yenyewe ni Kick Out the Jams, albamu ya kwanza ya MC5, vijana watano wa Lincoln Park, pembeni mwa Detroit. Hawakuirekodi studio. Waliipiga mbele ya umati katika ukumbi wa Grande Ballroom, Oktoba 30 na 31, 1968, miezi miwili tu baada ya kupiga kwenye bustani moja ya Chicago (nayo, kwa kichekesho, inaitwa Lincoln Park) walikokusanyika wapinzani wa vita vya Vietnam waliokuja kuonja virungu vya polisi. Meneja wao, John Sinclair, alikuwa mmoja wa waasisi wa White Panther Party, Wazungu waliowaunga mkono Black Panther. Gitaa zao zinanguruma kama mashine ya kusaga iliyokata mkanda.

Basi nikashusha sindano bila kutazama, nikaenda jikoni kuchemsha chai ya tangawizi.

Albamu hiyo haianzi na gitaa. Inaanza na jamaa anayeupandisha umati mori kama mhubiri wa mkutano wa injili. Nikamsikia mama akiuliza, "Baba Salma, hawa ni walokole?" Sijajibu, Wayne Kramer akaanza wimbo wa kwanza kwa sauti nyembamba ya kujibana. "Na huyu mwanamke kapatwa na nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wimbo wa pili unafunguliwa na Rob Tyner kwa tusi la kumtaja mama mzazi, tena kwa mapafu yake yote. Lipo toleo lililosafishwa. Langu si hilo. Na mama mkwe amefundisha Kiingereza miaka thelathini.

Nikatoka mbio. Kigari cha mtoto kikanipiga mtama. Nikaingia sebuleni kwa magoti, sufuria mkononi, chai yote zuliani, sekunde ileile neno lilipotoka.

Mama hakunitazama. Alimziba mjukuu wake masikio kwa upindo wa kanga.

Mke wangu, Mama Salma, akashuka ngazi. Hakusema kitu. Alikusanya santuri zote, hata Black Star na Mbaraka Mwinshehe wasio na hatia, akazipeleka gereji.

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikafuata nyayo za MC5. Albamu yao ilipotoka mwaka 1969, Hudson's, duka kubwa la Detroit, lilikataa kuiuza kwa sababu ya neno hilohilo. Bendi ikachapisha tangazo gazetini la kulitukana duka, na humo ikatia nembo ya kampuni yake, Elektra. Hudson's ikaondoa santuri zote za Elektra, za wasiohusika pia. Elektra nayo ikawatimua vijana mwaka huohuo. Nashikilia kwamba kilichowafukuzisha si tusi, ni jibu.

Jibu langu nililibandika kwenye friji: nyumba hii imegeuka ofisi ya udhibiti, na udikteta hauna maisha marefu. Usingizi ulikuwa umenizidi, sikuona kwamba karatasi niliyoshika ni orodha ya mama mkwe ya sokoni. Ikasomeka kwa mfululizo: vitunguu, hiliki, tui la kopo, udikteta. Mama aliisoma asubuhi, akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha "hauna" niliyoiandika "auna", akaweka alama: tatu kwa kumi.

Siku nne nilijipikia. Ya tano nikampigia simu shangazi yake mke wangu, aniombee msamaha, nikanunua doti mbili za kanga kwa mama mmoja wa Mombasa anayeziuza hapa mjini. Ijumaa Black Star wakarudi sebuleni.

MC5 wamebaki kule, kando ya koleo la theluji. Nilipolalamika, Mama Salma aliniuliza kama si mimi niliyemwambia kuwa huo ni muziki wa gereji.