Tantini, boila linadondosha maji

Tantini,
Boila letu la lita 80 halipashi tena maji, na supapu yake inadondosha usiku kucha. Fundi ametaka dola 40. Tangu benki zifungwe Januari 2025, dola 40 hapa nyumbani ni mgeni. Nina bisibisi, nina koleo, nina shemeji aliyesomea umeme mwaka mmoja. Nijitengenezee?
Baba Mapacha, mtaa wa Keshero, Goma

Baba Mapacha,
Anza na mita. Kufikisha lita 80 nyuzi 60 kunakula karibu yuniti nne. Ukiingiza yuniti mbili ukalala, boila halina kosa. Kisha fungua bomba la maji moto. Kama halitoi kitu, huenda tangi ni tupu, na hiyo ndiyo habari yenyewe: bomba la mtaa lilikauka, ninyi mkahamia kwenye bidoni, boila likabaki limewashwa. Rezistansi isiyozamishwa majini huungua. Hapo hakuna cha kutengeneza, kuna cha kununua.

Supapu ni kesi nyingine. Maji yakipata moto huvimba. Tangi lako hutafuta pa kumwaga zaidi ya lita moja, na supapu ndiyo mlango. Ikidondosha boila likipasha, mshukuru. Ikidondosha boila likiwa baridi, kuna mchanga au ukoko ndani, au maji ya bomba yana nguvu kupita kiasi. Zungusha kishikio cha supapu, maji yatoke kwa nguvu kidogo, uone. Hilo unaweza. Lakini usiizibe, wala kwa mpira, wala kwa kijiti, wala kwa ushauri wa shemeji! Huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndani ya tangi lililozibwa, termostati ikikwama, yanapita 100 bila kuchemka, na siku chuma kitakapopasuka yatageuka mvuke mara moja. Mabati yako yatapatikana mtaa wa Himbi.

Ukoko mweupe unaoujua kwenye birika unajenga pia juu ya rezistansi. Zima disjonkta, mwaga tangi lote, fungua kifuniko, loweka rezistansi katika siki, rudisha na mpira mpya wa kuzibia. Mwanaume mwenye subira anamaliza mchana mmoja. Je, unayo? Uliza mapacha.

Waya, hapana. Nyumba zetu zimekaa juu ya mawe ya volkano, na ile fimbo ya kushusha umeme ardhini inataka udongo wenye unyevu. Kwenye mwamba haiingii, kwa hiyo kuna wanaoikata fupi na kuifunika kwa simenti ili mwenye nyumba aone kichwa chake na kufurahi. Rezistansi ikivuja, umeme utatafuta njia nyingine, na njia iliyolowa ni wewe uliye chini ya maji. Hizo dola 40 mpe fundi, lakini kwanza mwambie apime hiyo fimbo. Shemeji ashike tochi.

Tantini,
Bayeri, mwenye nyumba, anasema nitengeneze mwenyewe, atanihesabia gharama kwenye garanti ya nyumba. Niamini?
Mpangaji

Mpangaji,
Aandike, atie sahihi, mbele ya shahidi asiyekula kwake. Rezistansi ya zamani usiitupe. Siku ya kuhama atasema haikuwahi kuharibika.

Tantini,
Mume wangu amefungua boila tangu Jumamosi. Vipande viko juu ya meza ya chakula, tunaoga maji ya makala, na kila nikiuliza anajibu kwamba imebaki kidogo. Jana akaongeza kwamba kuna skrubu tatu za ziada. Nifanye nini?
Mke wa Fundi

Mke wa Fundi,
Skrubu zitunze kwenye kikombe, fundi atazitaka. Mume usimgombeze, atafungua na friji. Msubiri amalize, mpe chai, umsifu. Kisha mpigie mama yake simu mbele yake, umwalike aje aoge wa kwanza. Akikunyang'anya simu, ita fundi.