Kisiwa Kilichoruhusiwa

Ijumaa ya tarehe 26 Machi 2021, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu, Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, iwe kwa barabara, reli au ndege. Sisi tulikuwa na tiketi za kwenda Lamu kula Pasaka, nyumba tumeshailipia kule Shela, na watoto wameanza kulala na maboya yao ya kuogelea.

Nikawapigia simu wenye ndege. Dada aliyepokea alikuwa mpole hadi nikaogopa.

“Safari yenu haijafutwa,” akasema.

“Kwa hiyo tunasafiri?”

“Hapana, hamsafiri.”

“Basi imefutwa.”

“Inasubiri mwongozo.”

Mwenye nyumba naye hakuona tatizo. “Huku kwetu ni wazi kabisa, karibuni sana,” akasema, na kila nilipotaja kurudishiwa pesa, mtandao ukamsumbua. Dada yangu wa Mombasa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuitamani Lamu, akauliza kama nyumba itakaa bure.

Kufungiwa nilikubali. Korona ilikuwa inaua watu, na hospitali zimejaa. Hasira zilinipanda nilipousoma mwongozo wenyewe hadi mwisho: ndege za kimataifa zinaendelea. Mkazi wa Nairobi mwenye cheti cha PCR angeweza kwenda zake uwanja wa Jomo Kenyatta akaruka hadi Dubai. Zanzibar pia, karibu. Lamu, iliyo ndani ya Kenya hii hii, ng'o.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Kila ukoo una shemeji anayejua vichochoro vya sheria kuliko mawakili. Akakunja shati mikono, akachora ramani nyuma ya bili ya stima: pimeni, nendeni Zanzibar, mrudi nchini kupitia Mombasa, mpande basi hadi Mokowe, kisha boti. Hamjavunja sheria hata moja! Mke wangu akaitazama ile ramani kwa muda.

“Na kurudi Nairobi, shemeji?”

Shemeji akakohoa. Marufuku ilikuwa ya kutoka na ya kuingia pia. “Hapo sasa,” akasema, huku akikunja bili, “ni maombi.”

Tukatafuta kisiwa ndani ya mipaka ya rais, na kweli kipo: Crescent Island, Ziwa Naivasha, kaunti ya Nakuru. (Wajuao wanasema ni rasi tu, ila mwaka ule sikutaka kuwasikiliza.) Pundamilia tele, twiga tele, unatembea kwa miguu katikati yao. Maboya yalibaki garini kwa sababu ziwa lina viboko. Mke wangu alimtazama twiga, akalitazama ziwa, akaniuliza samaki wa kupaka anauzwa upande gani. Alasiri tukawa tunakimbilia nyumbani, kwani kafyu ilianza saa mbili usiku na foleni haijui kafyu.

Marufuku iliondolewa tarehe 1 Mei. Nikampigia tena yule dada mpole. Vocha tulizopewa badala ya tiketi zilikuwa hai, akanihakikishia, ila nauli imepanda, na kila vocha inahitaji nyongeza. Nikapiga hesabu: nyongeza hiyo ingetosha kununua tiketi nzima.

“Basi nunua tiketi,” akasema. “Vocha ubaki nayo.”