Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri, Kuhusu Pua

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Naomba radhi kukusumbua na jambo dogo kama pua. Si pua yako, Mheshimiwa. Hiyo Mungu aiepushe na kila baya.

Seli za plazma, watengenezaji wa kingamwili, makazi yake makuu ni uboho wa mifupa. Mara chache sana huasi zikaota uvimbe nje ya uboho, na wagonjwa kama 8 katika kila 10 huupata kichwani au shingoni: puani, kwenye sainasi, kooni. Huwapata zaidi wanaume, hasa waliovuka miaka 50. Nikilitazama Baraza tukufu la Mawaziri, naona ni adabu kuwafahamisha mapema.

Mgonjwa huzibwa pua upande mmoja, damu ikamtoka. Hupewa dawa ya mafua, kisha ya mzio, kisha antibayotiki, kisha pole. Akibahatika kukatwa kinyama cha kupimwa, chini ya hadubini seli hizo zinaweza kudhaniwa limfoma, saratani ya mfumo wa limfu. Hapo ndipo vinapohitajika vitendanishi vya kutambua alama ya CD138 ya seli za plazma na minyororo ya kingamwili ya kappa na lambda. Seli karibu zote zikibeba mnyororo wa aina moja, zimetokana na muasi mmoja. Hubaki kupima uboho, damu na mkojo, na kupiga picha za mwili, ili kujua kama ni mayeloma, yaani saratani ya seli hizo iliyoenea ubohoni.

Uvimbe ukigundulika ungali peke yake, mionzi pekee, kwa kawaida grei (Gy) 40 hadi 50 kwa wiki 4 au 5, huumaliza kwa wagonjwa walio wengi. Wachache huja kupata mayeloma baadaye, ndiyo maana hufuatiliwa kwa miaka. Ukipewa jina lisilo lake, mtu hunyweshwa sumu ya kemotherapi asiyoihitaji, au huendelea na matone ya pua huku mfupa wa uso ukiliwa.

Mashine za mionzi pale Taasisi ya Saratani ya Ocean Road tunazishukuru kwa dhati. Ila mashine haijui imchome nani mpaka maabara iseme. Naelewa ugumu wako: kitendanishi hakina utepe wa kukata, na hakuna anayepiga picha na kichupa.

Kwa unyenyekevu wote, tunaomba fungu la vitendanishi vya patholojia kwa kila hospitali ya rufaa ya kanda katika bajeti ijayo, na lisihamishiwe semina.

Wako mtiifu,
Mlipakodi