Muulize Shangazi Mapokezi: Vyumba Elfu Saba, Mume Haonekani

Wiki hii mfuko wa barua umejaa wasafiri. Wengi wamelala kwenye hoteli kubwa kuliko vijiji walikozaliwa, na wamerudi na malalamiko. Mimi nimezeekea nyuma ya kaunta ya gesti ya vyumba kumi na viwili, ambako mgeni akikohoa nilijua ni wa chumba gani. Lakini mgeni ni mgeni na chumba ni chumba, kwa hiyo nitajibu.

*Shikamoo Shangazi. Tulikwenda Malaysia kwenye mahafali ya kijana wetu. Akatupeleka mlimani Genting, tukalala First World Hotel. Saa mbili usiku mume wangu alitoka kutafuta maji ya moto ya chai. Akarudi saa nne, bila maji, na mpaka leo hasemi alikuwa wapi. Nimwamini? – Mke wa Mbagala*

Marahaba mwanangu. Mwamini, angalau kwa saa ya kwanza.

Hoteli hiyo ina vyumba 7,351. Ndiyo iliyoandikwa na Guinness mwaka 2015 kuwa kubwa kuliko zote duniani kwa idadi ya vyumba. Mumeo akiamua kulala kila chumba usiku mmoja, atamaliza baada ya miaka ishirini na ushee, na wewe utakuwa na wajukuu wanaomwita babu kwa simu. Nje wameipaka rangi zote za upinde wa mvua, kitu kinachomsaidia sana aliye nje. Mumeo alikuwa ndani. Ndani zulia ni lile lile, mlango ni ule ule, na ukipanda lifti za mnara usio wako utafika ghorofa yako sawasawa, utasimama mbele ya namba inayofanana na yako, na kadi haitafungua. Hapo wanaume wengi huona haya kuuliza. Huzunguka mpaka miguu iwake moto.

Namba ya chumba haiandikwi kwenye kadi, na hilo si usahaulifu wa wahudumu. Kadi ikidondoka, atakayeiokota asijue pa kwenda kuiba. Safari nyingine mwambie apige picha mlango, apige picha na kibao cha mnara kilicho karibu na lifti, ndipo aondoke.

Sasa ile saa ya pili. Genting ina kasino, na kasino ndiyo sababu ya hoteli kuwepo. Marehemu Lim Goh Tong, mkandarasi aliyetoka China akiwa kijana, alianza kuchonga barabara ya mlima ule mwaka 1965 watu wakimshangaa, akafungua hoteli yake ya kwanza kule juu mwaka 1971. Ni karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hakuna anayepita pale kwa bahati mbaya. Mtu huletwa na baridi, michezo ya watoto na kamari, na chumba huuzwa kwa bei nafuu ili asirudi Kuala Lumpur usiku akiwa bado na hela mfukoni. Chumba ni chambo, mwanangu. Kama mumeo ni Muislamu, kasino ile hairuhusu Waislamu kuingia, basi alipotea kweli. Kama si Muislamu, omba kuona salio la benki.

*Habari Shangazi. Kampuni imenituma Las Vegas kwa maonyesho ya biashara. Nikitaka kutoka nje nipate hewa, kila njia inanirudisha kwenye mashine za kamari. Hapa ndani kuna mto, kuna mashua, na mbingu ina mawingu saa zote. Sijui kama ni asubuhi ama jioni. Nifanye nini? – Jamaa wa Kakamega*

Mbingu hiyo ni dari, baba. Imepakwa rangi. Kwa maelezo yako uko The Venetian, iliyofunguliwa mwaka 1999. Ukiichanganya na pacha wake, Palazzo, unapata vyumba zaidi ya elfu saba, na mfereji wa Venice wenye waimbaji wa kukuvusha kutoka duka moja kwenda lingine.

Usidhani umepotea kwa uzembe wako. Nyumba za kamari za mji ule zimejengwa hivyo kwa makusudi: ukitoka kwenye lifti unakutana na mashine kwanza, mlango wa nje baadaye, na saa ya ukutani usiitafute. Hata aliyekuleta alipigiwa hesabu. Aliyeijenga hoteli hiyo, Sheldon Adelson, kabla ya kuwa bwana kamari alikuwa bwana maonyesho. Ndiye aliyekuwa na COMDEX, maonyesho makubwa ya kompyuta. Aliona kwamba wacheza kamari hujaa mwishoni mwa wiki na katikati ya wiki vitanda vinabaki vitupu. Akajenga kumbi za maonyesho, na vitanda vya Jumanne vikapata watu kama wewe, wenye kitambulisho shingoni na stakabadhi za kurudishiwa na kampuni. Wewe ndiye bidhaa ya Jumanne.

Mshike mhudumu yeyote, muulize mlango wa barabarani, kisha tembea ukitazama miguu yako. Na ukipita MGM Grand, jua kwamba hata wakubwa hukosea mlango. Ilipofunguliwa Desemba 1993, na vyumba vyake zaidi ya 5,000, wageni waliingia kwa kupita kinywani mwa simba mkubwa aliyejengwa mlangoni. Wacheza kamari wengi kutoka Asia walikataa: nani anatafuta bahati kwa kumezwa na simba? Miaka michache baadaye kinywa kilibomolewa, akawekwa simba wa shaba mwenye adabu zake.

*Shangazi, huku huku Marekani nilitoa soda kwenye friji ya chumbani niweke maziwa ya mtoto. Sikunywa hata tone. Asubuhi bili ikaja ya soda zote, na juu yake ada ya bwawa ambalo sikuliona. Huu si wizi? – Mama Wawili*

Friji hiyo haikuwa friji, lilikuwa duka. Hoteli nyingi kubwa zimeweka vihisio chini ya kila chupa. Ukiinyanyua ikapita muda mfupi bila kurudi, kompyuta imeshakuandikia. Teremka mapokezi, sema kwa upole kwamba hukunywa, mara nyingi wanafuta. Ukifoka hawafuti. Nimekaa upande ule wa kaunta, najua.

Ada ya bwawa ni kisa kingine. Kwa miaka mingi hoteli za kule zilitangaza bei ndogo ya chumba, kisha zikabandika ada ya kila siku ya intaneti, bwawa na chumba cha mazoezi, ulipe hata kama hujui kuogelea. Tangu Mei 2025 serikali ya Marekani inazitaka zionyeshe bei nzima tangu mwanzo. Kumbuka, hawakuambiwa waifute. Wameambiwa waionyeshe.

*Shangazi, binti yangu amepata kazi ya usafi wa vyumba Las Vegas. Majirani wanamcheka. – Mzazi, Arusha*

Waache wacheke. Chumba kimoja cha mlevi wa Jumamosi kinaweza kumaliza nguvu za mtu, na yeye ana foleni ya vyumba ukumbini. Mwambie aulize kuhusu chama cha wafanyakazi kinachoitwa Culinary Union. Kina wanachama wapatao 60,000. Novemba 2023 kilitishia kugoma siku chache kabla ya mbio za magari za Formula 1 kuingia mjini. Makampuni makubwa ya kasino yakatia saini. Baada ya janga la korona hoteli nyingi zilipenda chumba kisafishwe mgeni akiondoka tu, maana yake saa chache za kazi na uchafu wa siku nne kwa mkupuo. Chama kilisimamia usafi wa kila siku. Majirani wanaocheka, kuna aliyewahi kuitetemesha Formula 1?

*Assalaam alaykum Shangazi. Wakala wetu wa Umra ametuahidi hoteli "mlangoni pa Haram", mita mia mbili, kwenye jengo lenye saa kubwa. Mama yangu magoti yanamsumbua. Tukubali? – Bint Mwinyi, Unguja*

Wa alaykum salaam. Jengo hilo ni Abraj Al Bait, minara saba ya mahoteli, na mnara wa saa una urefu wa mita 601. Iko pale kweli, uso kwa uso na Msikiti Mtukufu. Hata ngome ya Ajyad ya enzi za Waturuki ilibomolewa mwaka 2002 kupisha ujenzi wake. Kwa hiyo mita mia mbili anazosema wakala huenda ni za kweli. Ila alizipima akiwa amelala kifudifudi. Hakuzipima kwa kwenda juu.

Adhana ikikaribia, kila ghorofa inataka kushuka kwa wakati mmoja. Sala ikiisha, kila mtu anataka kupanda. Lifti hufika imejaa, inafungua, mnatazamana, inafunga. Aliye mbali kidogo kwa miguu anaweza kutandika mswala kabla ya aliye juu ya kichwa cha Haram. Usikubali mbuzi kwenye gunia. Muulize wakala mambo haya na umtake ayaandike: ghorofa ya ngapi, na kuna kitimwendo hapo chini au mnajitafutia. Omba ghorofa ya chini kabisa wanayoweza kuwapa, hata kama Kaaba haionekani dirishani. Mama ateremke mapema, akae na tasbihi yake msikitini baina ya Magharibi na Isha, kuliko kupanda na kushuka. Mkinikumbuka kwenye dua zenu nitashukuru.

*Shangazi, mimi ni mfanyabiashara. Jina langu hifadhi. Nina eka nyingi kandokando ya barabara kuu, na nataka nijenge hoteli ya vyumba 8,000 ili nchi yetu iingie kwenye kitabu cha rekodi. Mkandarasi yuko tayari na mganga ameshapitisha eneo. Nianze? – Bwana Mkubwa, Chalinze*

Bwana Mkubwa, kaa kitako.

Hakuna hoteli ya namna hiyo duniani iliyojazwa na watu waliokuja kulala. Genting ina kamari. Las Vegas ina kamari na maonyesho. Izmailovo ya Moscow, iliyokuwa kubwa kuliko zote kabla ya MGM Grand, ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1980. Makka ina Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Chalinze basi linasimama, abiria wananunua mahindi ya kuchoma, utingo anapiga bodi, linaondoka.

Wenzako wamejaribu. Mwaka 1927 familia ya Stevens ilifungua Chicago hoteli ya vyumba 3,000, ya kwanza kwa ukubwa duniani wakati huo. Miaka miwili baadaye uchumi ukaanguka, vyumba vikakosa watu. Fedha za kuinusuru zilichukuliwa kwenye kampuni ya bima ya familia hiyo hiyo, na Ernest Stevens akatiwa hatiani mwaka 1933. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Illinois ikamwondolea hatia. Mtoto wake John Paul, aliyeyaona yote hayo akiwa mdogo, alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Hoteli yenyewe ilitumiwa na jeshi wakati wa vita, kisha mwaka 1945 ikanunuliwa na Conrad Hilton. Leo ina vyumba 1,544, maana miaka ya themanini vilibomolewa kuta vikaunganishwa. Ndiyo sababu vingine vina mabafu mawili. Hayo ndiyo yaliyobaki ya kuwa wa kwanza duniani: mabafu ya ziada.

Warusi walijenga Rossiya karibu na Kremlin, vyumba zaidi ya 3,000. Ikafunguliwa 1967, ikafungwa 2006, ikavunjwa, sasa pale ni bustani. Korea Kaskazini ilianza Ryugyong mwaka 1987, ghorofa 105 zenye umbo la mshale. Vioo imevishwa, taa imefungwa za kuonyesha matangazo usiku, mgeni wa kulala hajapokewa. Na Makka kwenyewe, mahali ambapo wageni hawajawahi kukosekana, mradi wa Abraj Kudai wenye vyumba 10,000 ulitangazwa kufunguliwa mwaka 2017, ukakwama, na mwaka huo ukapita.

Tena hujafikiria shuka. Vyumba 8,000, vitanda viwiliviwili, shuka mbili kila kitanda: hizo ni shuka 32,000 kwa usiku mmoja wa kujaa. Nani atazifua, kwa maji ya wapi?

Jenga vyumba 40. Chimba kisima kwanza, weka choo kinachovuta na maji ya moto saa kumi alfajiri kwa ajili ya wasafiri wa basi la kwanza. Pesa za mganga dai zirudishwe.