Sosholojia kwa Njia ya Mkato: Mwongozo wa Kijana wa Mikese

1. Anza kwa kujisifu. Ukiulizwa kituoni Mikese kwa nini umechagua sosholojia, usitaje kwamba uliikimbia hesabu. Sema unasoma namna watu wanavyoishi pamoja na nani anamwamuru nani. Ni kweli tupu, na mbele ya wajomba inapendeza. Hesabu yenyewe, ndugu yangu, utaikuta chuoni kwa jina la takwimu. Tafuta mapema rafiki anayeiweza, umnunulie chai.

2. Shika majina matatu. Marx: nani anamiliki, nani anatoka jasho. Weber: kwa nini watu humtii mtu. Durkheim: mwaka 1897 alionyesha kwamba hata kujiua, jambo la siri kabisa, kuna mkono wa jamii ndani yake. Ukitaka darasa likugeukie, mtaje Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima mwaka 1377.

3. Sasa mkato wenyewe: utafiti ukafanyie nyumbani. Wenzako watahangaika na mada za mbali, wewe una milima ya Uluguru. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Basi uliza swali moja tu, "Shamba hili la nani?", kisha nyamaza. Baba atajibu lake, mama lake, mjomba naye atakohoa kwanza. Daftari litajaa kabla ya chakula cha mchana.

Kisha mpe msimamizi wako kisa cha matuta. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kuzuia mmomonyoko. Mabwana shamba waliujua udongo, wachimbaji hawakuwajua. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka, mpango ukafa. Kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke, mwanasosholojia wa serikali, kuhusu ardhi na siasa za Waluguru kilitoka mwaka 1960, matuta yakiwa yameshaachwa. Kisome. Hakuna sababu bora ya kuisoma fani hii kuliko kisa hicho.

4. Madodoso. Najua mpango wako: ukae chini ya mwembe uyajaze mwenyewe. Acha. Watu wa kubuni hufanana, wote wana darasa la saba na watoto wanne, na msimamizi atakushika. Kuna njia nyepesi zaidi. Mpelekee mtendaji wa kijiji barua ya chuo, umwache agonge muhuri wake kwa raha zake. Atakutafutia wahojiwa yeye mwenyewe. Ukitokea msiba kijijini, nenda mapema, beba kuni, tazama nani anaandika michango na watani wanamtania nani. Majina ya watu usiyaandike. Walikupokea kama mtoto wao.

5. Ajira. Wazazi waambie ukweli: kuna kazi za maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii na mashirika, ila wahitimu ni wengi kuliko nafasi. Lakini usikae kimya ukingoja barua. Mradi wa kisima ukija kijijini na mtaalamu akazungumzia kina cha maji peke yake, nyoosha mkono. Uliza kisima kinachimbwa kwenye ardhi ya ukoo gani, na ufunguo wa pampu atakaa nao nani.